Kabla hujaingia darasa lako la kwanza la falsafa

Ukishajisajili kozi ya falsafa, cha kwanza kuandaa ni muda wa kusoma polepole. Wengi wetu tulitoka sekondari tukiwa hodari wa kukariri madesa usiku wa kuamkia mtihani. Hapa madesa hayakufikishi mbali, maana unachoulizwa ni mwandishi amepita njia gani kufika alipofika, na kama njia hiyo inapitika.

Chukua mazungumzo ya Socrates na Euthyphro yaliyoandikwa na Plato, mwanafunzi wa Socrates huko Ugiriki ya kale, ambayo hutumika sana kwenye kozi za utangulizi. Ni mafupi, unaweza kuyamaliza kwa saa moja. Euthyphro amekwenda kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kamba, akamtupa mtaroni, akatuma mtu Athens kuuliza afanyeje. Kabla jibu halijarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Ukisoma mbiombio utaishia kusema mtoto huyu hana adabu, ufunge kitabu. Lakini Euthyphro anajitetea kwamba kumshtaki ni uchaji, yaani jambo linalopendwa na miungu. Socrates yeye anauliza: jambo la uchaji ni la uchaji kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni la uchaji?

Swali hilo nilikaa nalo jioni nzima, penseli mkononi. Kilichonisaidia ni kusoma mara tatu: kwanza kupata kisa, kisha kupiga mstari chini ya hitimisho, mwisho kuandika pembeni sababu moja moja. Halafu nilimweleza mwenzangu wa chumbani kwa Kiswahili. Kozi nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, na ni rahisi kurudia maneno mazito bila kuyaelewa. Usipoweza kuieleza hoja kwa lugha unayoongea nyumbani, rudi kwenye ukurasa.

Zoea mapema tofauti hii, kati ya ukweli wa kauli na uzima wa muundo wa hoja. Samaki wote hupanda miti. Papa ni samaki. Kwa hiyo papa hupanda miti. Kauli ya kwanza ni ya uongo, lakini muundo wa hoja hauna kasoro: kauli mbili za mwanzo zingekuwa kweli, ya tatu isingekwepeka. Mwalimu akiisifu hoja kwa muundo wake, hajasema anakubaliana nayo.

Kuna wanaoingia na hofu kwamba falsafa itawapokonya imani. Hofu hiyo naiheshimu, na simshauri mtu aiache imani yake mlangoni. Al-Ghazali, mwanachuoni wa karne ya 11, aliwapinga wanafalsafa vikali, ila kwanza alijifunza hoja zao na kuzieleza kwa ukamilifu, kisha ndipo akazijibu. Huo ndio ustaarabu unaotakiwa semina: mpe unayempinga nguvu zake zote.

Tazama pia kama muhtasari wa kozi una Waafrika. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwafuata wazee vijijini na kuwahoji, akitafuta wale wanaochambua mila badala ya kuzisimulia tu. Kama hayumo, muulize mwalimu wiki ya kwanza, kabla mada za insha hazijapangwa. Mara nyingi bado kuna nafasi ya kuomba uandike insha kuhusu Oruka.