Kufuli na kamba: namna ya kufundisha somo la funguo za ufalme

Somo hili huharibikia kwenye neno moja: kufunga. Kwa Kiswahili tunafunga mlango, tunafunga mzigo, na Kwaresima tunafunga kula. Katika Isaya 22:22 kinachofungwa ni mlango. Katika Mathayo 16:19, ambapo Yesu anamwahidi Petro funguo za ufalme wa mbinguni, Kigiriki kinatumia kitenzi cha kufunga kwa kamba. Msikilizaji hana namna ya kuijua tofauti hiyo, kwa hiyo njoo na kufuli lenye ufunguo wake, na kamba ya mita moja.

Tenga dakika 60. Usianze na Petro. Anza na Isaya 22:15-25, dakika 20. Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anajichongea kaburi mwambani na anaondolewa kazini. Eliakimu mwana wa Hilkia anawekewa ufunguo wa nyumba ya Daudi begani. Kwenye bega watu hucheka, maana wanawaza ufunguo wa mfukoni. Waeleze kwamba makomeo ya kale ya Mashariki ya Kati yalifunguliwa kwa funguo za mbao zenye meno, nyingine kubwa mno. Kisha fungua kufuli, ulifunge tena, na uulize: nyumba ni ya nani? Ni ya mfalme. Eliakimu ametunzishwa ufunguo tu. Mstari wa 25, pale msumari anaofananishwa nao Eliakimu unapolegea, wengi huuruka. Usomeni.

Sasa weka kufuli chini, shika kamba, mfungue Mathayo 16:13-19. Hapa patachukua dakika 25. Walimu wa Kiyahudi walisema "kufunga" na "kufungua" kwa maana ya kukataza na kuruhusu. Andika ubaoni "utakalolifunga", kisha chini yake "mtakayoyafunga" kutoka 18:18: kwanza anaambiwa mmoja, baadaye wengi. Mjadala utawaka. Wakatoliki wanaona mamlaka aliyopewa Petro na waandamizi wake. Waorthodoksi wanasisitiza kwamba mitume wote walishiriki. Walutheri husoma pamoja na Yohana 20:23, kuhusu kuondolea dhambi. Katekisimo ya Heidelberg ya 1563, ya makanisa ya Kireformati, swali la 83, inataja funguo mbili: kuhubiriwa kwa Injili na nidhamu ya kanisa. Kundi likiwa la madhehebu mchanganyiko, kila msimamo uelezwe na anayeushika.

Ufunuo 1:18 na 3:7 zinatosha dakika 10. Funguo za mauti na kuzimu, na ule wa Daudi, zote ziko mkononi mwa Kristo. Kosa la kawaida ni kuchanganya hizi na za Petro, kana kwamba naye alikabidhiwa kuzimu.

Funguo mbili za nembo ya Vatikani, wa dhahabu na wa fedha, hueleweka kuwa mamlaka ya mbinguni na ya duniani. Mathayo hakutaja idadi wala rangi.

Dakika zilizobaki ni za maswali, na la kwanza huwa: je, tunaweza kumfunga adui kwa mstari huu? Usimcheke muulizaji, kwani Mathayo 12:29 inatumia kitenzi kilekile kwa mwenye nguvu anayefungwa nyumbani mwake. Ila mrudishe kwenye 16:19 aangalie ngeli: imeandikwa "lolote", si "yeyote".