Fundi wa Lamu bila cheti: namna ya kupata karatasi ya ujuzi ulio nao

Kijana aliyefundwa useremala Mkomani au uashi Langoni mara nyingi hakosi kazi ya mkataba kwa kutojua, bali kwa kukosa karatasi. Mkandarasi wa jengo la serikali huitisha cheti kabla hajatazama mkono wako.

Njia ni mbili. Upo mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, unaoanzia Gredi ya III na kupanda hadi ya I. Upo pia mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia viwango vya vyeti, ambapo hupimwa kwa kazi ulizokwisha kufanya. Mwenye miaka miwili mitatu kazini aanze na Gredi ya III. Mpango wa KNQA unamfaa zaidi aliyekaa sana na randa, kwa kuwa unataka ushahidi mwingi.

Ushahidi ndio unaowaangusha wengi. Picha ya mlango uliokwisha kupigwa vanishi haithibitishi kitu. Hata mlango wa dukani hupigwa picha. Piga picha za kazi moja hatua kwa hatua: mbao mbichi, viungo vikichongwa, mlango ukiunganishwa, kisha ukiwa kwenye fremu, nawe uonekane ukifanya. Barua ya fundi wako itaje ulianza lini, ukaondoka lini, ulifanya kazi gani hasa, na nambari yake ya simu. “Ni kijana mzuri” haimsaidii mtahini. Jina lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi: kwenye kompyuta, Mohamed na Muhammad ni watu wawili.

Kwa mtihani wa vitendo, jizoeze kufuata mchoro wa milimita huku saa ikienda. Mafundi wetu hupima kwa jicho, na jicho ni zuri, ila halisahihishiki kwa rula.

Seremala ashike sana kiungo cha ulimi na tundu, ambapo ncha ya mbao moja iliyochongwa huingia kwenye tundu la nyingine. Unene wa ulimi ni kama theluthi ya mbao: mbao ya milimita 45, ulimi wa 15. Kama patasi yako ni ya 12, fuata patasi: ulimi uwe wa 12. Msumeno upite upande wa kipande cha kutupwa, si juu ya mstari, kwani meno yake yenyewe hula milimita moja au zaidi, na ulimi uliolegea hauponi kwa gundi.

Mwashi apime pembe mraba hivi: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo 100 kamili. Ikizidi, pembe imefunguka. Ukuta wa mawe na chokaa huficha kupinda. Wa matofali ya simiti haufichi.

Ada lipia eCitizen, paibili 222222. Anayetaka pesa kwa simu yake akupe cheti bila mtihani anakuuzia karatasi tupu: mwajiri akiuliza NITA, jina halimo.

Cheti hakimtoshi fundi umeme, ambaye anahitaji pia leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Wa ujenzi ajiandikishe NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi.

Uliza mapema vifaa vya kubeba. Ukipangiwa Mombasa, vuka Mokowe ukapande basi siku moja kabla. Usiingie chumba cha mtihani na uchovu wa safari.