Dagaa Watatu wa Soko la Arua: Namna ya Kuwajua Kabla ya Kulipa

Hapa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, mteja akisema "nipimie dagaa," muuzaji anampimia alichonacho. Mimi ni muuzaji, na hao hao nawapika nyumbani, kwa hiyo nakuomba usilipe kabla hujajua ni dagaa gani. Mezani petu wapo samaki watatu tofauti. Mukene hutoka Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga. Muziri na ragoge wanavuliwa Ziwa Albert, na soko lao kubwa ni Panyimur, kando ya ziwa hilo.

Wakikauka wanakunjamana, huwezi kuwasoma vizuri. Omba wachache, waloweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka mapezi yalainike, kisha tazama mgongo. Ragoge ana pezi katikati ya mgongo, halafu karibu na mkia ana kipezi kingine kidogo, laini, kama kinundu cha nyama. Ukikiona hicho, huyo ni ragoge, wenzake wawili hawana. Tena kiwiliwili chake ni kipana, na ukipitisha kucha mdomoni unayagusa meno. Mukene hana meno, na pezi lake la mgongoni ni moja tu, limekaa nyuma kuelekea mkia. Muziri ni mwembamba, hata akikomaa hafikii urefu wa kidole chako kidogo cha mwisho. Mukene ambaye hajakomaa anaweza kukuchanganya naye, hapo uliza mzigo umetoka ziwa gani.

Ndugu wa Kongo wakikuletea dagaa wa Ziwa Tanganyika, pitisha kidole chini ya tumbo kutoka mkiani kwenda kichwani. Panakwaruza. Hao ni jamii ya sadini.

Ragoge ana mafuta mengi, ndiyo utamu wake na ndiyo sababu anawahi kuharibika. Mpasue mmoja. Tumbo likiwa limegeuka rangi ya kutu na harufu inakukaba kooni, mrudishe hata kama bei imeshuka. Nunua wa kula wiki hii tu.

Kwa mukene, adui ni mchanga, maana wengi huanikwa chini ufukweni. Tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri. Mchanga ukitanda chini, hao ni wa kulisha kuku. Wale walioanikwa kwenye chanja huacha maji karibu safi, na mimi naona wanastahili bei yao ya juu.

Muziri usimchemshe, atageuka uji. Mkaange kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka avunjike kwa mlio ukimbana kwa vidole. Pika kando mchuzi wa karanga ya kusaga na nyanya na kitunguu, na muziri umtie ukishaepua. Ragoge mtoe kichwa na matumbo, mwoshe kwa maji ya moto, mkaange bila kuongeza mafuta mengi. Ya kwake yanatosha.