Katiba ya chama ikikwama juu ya mtu mmoja, fanya hivi (ujanja tuliutoa Marekani ya 1787)

Kama uko kwa chama na katiba yenu inasema lazima wote wakubali ndio kitu kibadilike, na kuna mmoja hakubali na hatakubali hata kiyama ifike, kaa hapa kidogo. Mimi ni katibu wa chama cha wauza mitumba hapa Nakuru, tuko 16, na tulikaa kwa hilo shimo miaka mitatu mpaka jioni moja kijana wangu wa Form 4 akaniwekea kitabu cha Historia kwa meza nimsaidie, ile topiki ya serikali ya Marekani, nikasoma nikaona hawa watu shida yao ni yetu kabisa.

Kwanza angalia ugonjwa uko wapi kabla ujaanza kulaumu watu. Katiba yetu ilikuwa ukurasa moja wa kaunta buku, na ndani kulikuwa na mistari miwili ya sumu. Moja, "kila mwanachama atachanga kadri ya uwezo wake". Ya pili, "sheria hizi hazibadilishwi mpaka wote wakubali". Sasa hao Wamarekani katiba yao ya kwanza, Makala ya Shirikisho, Kongresi (bunge lao) iliipitisha 1777 wakiwa bado vitani na Uingereza, ikaanza kazi 1781 baada ya jimbo la Maryland kusaini likiwa la mwisho, na nayo ilikuwa na hayo mawili. Kongresi haikuwa na nguvu ya kutoza kodi, ilikuwa inaandikia majimbo 13 barua za kuomba, na wewe kama umewahi kuwa mweka hazina unajua barua ya kuomba inajibiwaje. Walipojaribu kurekebisha, waweke ushuru wa asilimia 5 kwa vitu vya kutoka nje ndio walipe deni la vita, Rhode Island ikasema hapana 1782 na mambo ikaishia hapo. Wakajaribu mara ya pili, New York nayo ndio ikaua.

Yetu ilikuwa faini ya 50 bob ya kuchelewa kuchanga. Watu 15 wanataka, mama mmoja wa viatu hataki. Kila mkutano anafunga leso yake vizuri, anasema "mimi sijakataa, nimesema tu sijakubali", na hapo ndio mwisho wa ajenda.

Alafu usingojee mpaka moto uwake, lakini ukiwaka utumie. Wao moto wao ulikuwa wakulima wa Massachusetts, wengi wametoka vitani juzi, wanauziwa mashamba juu ya deni na kodi, wakaanza kufunga mahakama 1786 na Januari 1787 wakaelekea ghala la silaha pale Springfield. Jeshi la kuwatuliza ikabidi matajiri wa Boston walichangie kutoka mfukoni juu serikali kuu haikuwa na kitu. Sisi ni mwenzetu alifiwa, tukafungua sanduku la maafa tukapata 1,300. Watu 16, miaka mitatu, 1,300! Tulipita na karatasi kwa soko kuomba watu wa nje, aki ile aibu sitasahau. Wiki hiyo ndio niliitisha mkutano wa katiba na hakuna aliuliza kwa nini.

Walikuja sita. Usivunjike moyo, na usifute mkutano, andika kumbukumbu, wote sita wasaini, mtoke na tarehe ingine. Septemba 1786 kwa mkutano wao pale Annapolis yalikuja majimbo matano peke yake, na badala ya kurudi nyumbani wakinung'unika waliandika barua ya kuita kila mtu Philadelphia mwezi wa tano mwaka uliofuata. Hiyo barua ndio ilizaa kila kitu.

Sasa kwa kuandika yenyewe, chukua watu wachache, sisi tulikuwa watano kwa duka la kushonea nguo, na zimeni simu. Nasema zimeni. Mara ya kwanza mtu alipiga picha rasimu akaitupa kwa grupu ya wasap, kifungu cha mikopo hata hakijaisha, saa mbili usiku watu wanatusiana juu ya sentensi ambayo tulikuwa tumeshaifuta. Kule Philadelphia walifunga madirisha kiangazi chote, joto ile, walinzi mlangoni, kutoka Mei 25 mpaka Septemba 17, na hakuna kitu kilitoka. Lakini kuna kitu moja siwaungi mkono: walikuwa wametumwa kurekebisha ile Makala tu, wao wakaiweka kando wakaandika mpya. Wewe sema mapema kwa ajenda kwamba mnaandika upya, usije ukaambiwa ulifanya mapinduzi.

Mtagongana kwa swali la nani ana sauti kubwa. Kwetu kuna mtu ana shea 40 na kuna mwenye 3, mkubwa anataka kura kulingana na shea, mdogo anasema kila kichwa kura moja. Virginia ilitaka kura kwa wingi wa watu, New Jersey ikataka kila jimbo sawa, wakapigana wiki kadhaa mpaka Julai 16 wakagawanya: Bunge la chini kwa idadi ya watu, Seneti kila jimbo sawa. Sisi tukasema mkopo unapewa kulingana na shea, kura ni kwa kichwa. Ilichukua chai mbili na mandazi. Ila si kila maridhiano ni ya kuigwa, wale wazee walikubaliana pia mtumwa ahesabiwe tatu kwa tano ya mtu kwa kugawa viti, na yeye mwenyewe hakuwa na kiti kwa hiyo meza.

Hapa sasa ndio ujanja wenyewe. Kwa ile Makala ya zamani kubadilisha chochote kulihitaji majimbo yote 13. Hawakuomba yote 13. Waliandika ndani ya katiba mpya kwamba 9 wakikubali inaanza kazi, kati ya hao 9 waliokubali. Na 9 haikutoka hewani, ilikuwa tayari ndio namba yao ya mambo mazito kama vita na kukopa pesa. Kwa hivyo tafuta namba ambayo chama chenu kinaijua tayari. Sisi kutoa pesa benki ilikuwa lazima watu 11 wakubali, tukaweka 11, na tukaandika wazi: asiyesaini hafukuzwi, akiba yake iko, akitaka kuitoa apewe yote.

Usisahau kuandika kwamba madeni yanahama. Wao waliweka, deni la serikali ya zamani linabaki deni la ile mpya. Bila hiyo, kuna mtu atakuja akwambie mkopo wake ulikufa na chama ya kwanza, na kwetu alikuwa ashaanza.

Na wenye wasiwasi wape ahadi ya maandishi. Kule Massachusetts katiba mpya ilipita kwa kura 187 kwa 168 peke yake, na ilipita juu waliambiwa marekebisho yatapendekezwa, ndio mwisho 1791 wakapata yale 10 ya haki za watu. Sisi wenyewe Wakenya tulikataa rasimu nzima 2005, chungwa (hapana) ikapiga ndizi (ndio), tukakaa mpaka 2010, kwa hivyo usidharau watu wa hapana. Sisi tuliandika nyongeza kwamba faini haitozwi mtu akiwa hospitali, na tarehe ya kuijadili, tukapata saini tatu siku hiyo hiyo.

Tulifika 11 Jumamosi ya pili, nikapeleka nakala na kumbukumbu kwa ofisi ya social, ile inasajili vikundi. Mama wa viatu hakusaini na hakuna aliyemfuata. Rhode Island haikutuma mtu Philadelphia, ikakaa nje mpaka Mei 1790, Seneti tayari imepitisha mswada wa kuikatia biashara, ndio ikakubali, 34 kwa 32. Mama wa viatu alichukua wiki saba. Alikuja kwa meza yangu asubuhi kabla ya kufungua mabelo, akauliza kama wale wamesaini walishaanza kukopa, nikamwambia ndio, akaomba kalamu.