Kausha breki za nyuma kabla ya kuegesha gari
Ukitoka kuosha gari au kupita kwenye mvua, usiegeshe moja kwa moja. Barabara ikiwa tupu nyuma yako, kanyaga breki kwa nguvu mara nne tano, mpaka diski (sahani za chuma zinazobanwa na breki) zipate joto zikauke. Kazi kubwa hubebwa na breki za mbele. Za nyuma huguswa kidogo tu, basi kutu hupata nafasi ya kutafuna diski, na pedi (vipande vinavyobana diski) huisha mapema. Kwenye haibridi (magari ya mafuta na umeme pamoja) na magari ya umeme kukanyaga kidogo hakusaidii, maana mota ndiyo inayopunguza mwendo. Ila diski ikishatoboka vishimo, au gurudumu moja la nyuma likichemka kuliko mwenzake, huenda pini za kalipa (kifaa kinachoshika pedi) zimekwama: hapo ni kufungua breki tu.