Ramani ya Kongo ya Wabelgiji: anza na mwaka

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Mtwara wakipewa ramani ya Kongo ya Wabelgiji hukimbilia majina. Nawazuia. Tafuta kwanza mwaka, mara nyingi umechapwa kwa maandishi madogo kwenye kona ya chini.

Ukiwa kati ya 1933 na 1947, utakuta majimbo sita yenye majina ya makao makuu yake: Léopoldville, Coquilhatville, Stanleyville, Costermansville, Elisabethville na Lusambo. Hapo wengi hupotea, maana hawajui kama “Elisabethville” ni mji au jimbo. Herufi kubwa zilizotawanywa juu ya eneo pana ni jimbo. Maandishi kando ya kitone ni mji. Kuanzia 1947 majimbo yaliitwa Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasai. Miaka ya 1920 yalikuwa manne tu.

Asiyeelewa namrudisha nyumbani. Bibi aliyezaliwa Lindi enzi za Mwingereza alizaliwa Jimbo la Kusini, lililofika mpaka Songea. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971. Nyumba haikuhama.

Ukishapata jimbo, shuka: wilaya, kisha teritori, kisha maeneo ya machifu. Mimi hukazia teritori. Msimamizi wake alikuwa Mbelgiji aliyezunguka vijijini, na kwa mkono wake kodi ilikusanywa na mkulima akalazimishwa kulima pamba. Ukitaka kujua watu waliishije, usiishie kwenye jimbo.

Jaribu na barua yenye muhuri wa Albertville, 1951. Mji huo leo ni Kalemie, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Wilaya: Tanganyika. Jimbo: Katanga. Ingekuwa ya 1940, wilaya ni ileile lakini jimbo ungeandika Elisabethville. Na tafadhali, Tanganyika hiyo si nchi yetu. Nimesahihisha insha nyingi zilizomhamishia gavana wa Dar es Salaam ng’ambo ya ziwa.

Mwisho tazama mashariki, Ruanda-Urundi. Ramani nyingi huipaka rangi moja na Kongo kwa sababu tangu 1925 ziliunganishwa kiutawala. Usiihesabu kuwa jimbo la saba. Ubelgiji iliishika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, baadaye Umoja wa Mataifa, kwa hiyo ichoree mpaka wake na uiandike peke yake.