Kuhariri filamu fupi ya mwanafunzi: oanisha sauti kabla hujakata shoti

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi ambaye filamu yake imekatwa vizuri, ila kadiri onesho linavyoendelea ndivyo midomo ya waigizaji inavyoachana na maneno. Ukataji hauna kosa. Tatizo lilianza kabla yake, ndiyo maana hatua ya pili hapa ni ndefu kuliko zote.

1. Nakili kila kitu kutoka kwenye kadi hadi diski mbili tofauti, ndipo uifute kadi.

2. Oanisha picha na sauti. Mimi natumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Toleo la bure linatosha kabisa kwa filamu ya mwanafunzi, sioni sababu ya kulipia programu nyingine. Kabla hujaingiza klipu yoyote, weka kasi ya fremu ya mradi (idadi ya picha kwa sekunde), kwa sababu ukishaziingiza hufungwa. Iwe ileile uliyorekodia. Usidhani 23.976 na 24 ni mamoja: picha za 23.976 zikichezwa kama 24, ndani ya dakika 10 zitaiacha sauti kwa zaidi ya nusu sekunde.

Sasa pima. Linganisha mlio wa klapa (kile kibao kinachopigwa mbele ya kamera shoti inapoanza) na fremu ambayo kibao kinafunga, kisha ruka hadi mwisho wa klipu. Pengo likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, sogeza sauti tu, umemaliza. Likikua taratibu, kusogeza hakutasaidia. Wengi hapo huanza kukata sauti vipande vipande na kuvisukuma kimoja kimoja. Tafadhali usifanye hivyo. Kila mwongozaji akibadilisha mkato utarudia kazi yote.

Kama ulirekodi kwa simu, ishuku simu kwanza. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu. Huipandisha na kuishusha zenyewe, hasa mwanga ukipungua. Pitisha klipu hizo kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza faili za video, uchague kasi isiyobadilika iliyo sawa na ya mradi wako. Ubora, ambao HandBrake huupima kwa namba ya RF, uweke 18 au chini kidogo (namba ikipungua, ubora hupanda). Fanya hivi kabla ya kuhariri, na zile klipu za asili usizifute. Kagua pia kinasa sauti: rekodi kwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), ndiyo kawaida ya video.

Resolve inaweza kuoanisha yenyewe kwa kulinganisha mawimbi ya sauti, mradi kipaza sauti cha kamera hakikuzimwa. Hata ikiwa mbaya, sauti ya kamera ni ramani yako. Isipokuwepo, na klapa pia haikupigwa, tafuta neno lenye m, b au p. Midomo hufunga kabisa kwenye herufi hizo. "Mama" moja inatosha kukuonesha fremu ya kushika.

3. Panga teki zilizochaguliwa (teki ni kila mara shoti iliporekodiwa) kwa mfuatano wa skripti, ndefu zilivyo, bila muziki. Tazama yote bila kusimamisha. Kisha kata.

4. Funga picha. Mwongozaji aseme kwa maandishi kwamba mikato haiguswi tena. Bila hilo, usiguse rangi.

5. Sauti. Anza na maongezi, vilele vyake vicheze kati ya -12 na -6 dB. Chini ya kila onesho tandaza ukimya wa chumba uliorekodiwa palepale. Bila huo, kila mkato utasikika kama shimo. Muziki uje mwisho, na uwe mchache. Onesho lisilosimama bila muziki linahitaji mkato mwingine, si wimbo. Na wimbo wowote usiokuwa na ruhusa ya maandishi uutoe sasa, maana matamasha huuliza.

6. Rangi. Fanya shoti za onesho moja zifanane kwanza, ukiongozwa na ngozi za waigizaji. Mitindo ya rangi baadaye.

7. Toa nakala kuu kwa DNxHR HQ (umbizo la ubora wa juu, faili kubwa), halafu kutoka humo tengeneza nakala ndogo ya kutuma, ya H.264, ya 1920 kwa 1080, kasi ya fremu ikiwa ileile ya mradi. Vaa hedifoni, fungua faili lenyewe nje ya Resolve na ulitazame hadi krediti ya mwisho kabla ya kulituma.